Hema la Bi Pimbi Chini ya Jiwe Mwavuli

Hapo zamani za kale, zama ambazo Tembo alikuwa na blanketi lake na Kiboko ana sufuria yake ya ugali, wanyama walikuwa na desturi ya kwenda kupiga kambi. Msinitazame hivyo. Ndiyo, kambi! Na hema, na mkeka, na birika la chai. Wewe uliyemnyang'anya mwenzako mto tangu asubuhi, sogea hapa mbele, maana hadithi hii nakusimulia wewe hasa.

Kambi yenyewe ilikuwa mbali, mwendo wa siku mbili kutoka kijiji chochote cha wanyama. Kiangazi kikipamba moto, huko ndiko kulikobaki chemchemi ya maji baridi. Juu ya chemchemi palikuwa na jiwe kubwa lililojitokeza mbele, linatoa kivuli kuanzia asubuhi hadi jioni. Wanyama waliliita Jiwe Mwavuli. Upande wa pili wa kambi palikuwa na jiwe lingine, bapa, halina hata jani moja la kulifunika. Hilo waliliita Kikaango. Sina haja ya kuwaeleza kwa nini.

Kambi ile haikuwa na mlinzi wala msimamizi. Ilikuwa na sheria moja tu. Anayefika wa kwanza na kusimika hema ndiye mwenyeji. Wanaokuja baadaye hubisha hodi, yeye huitikia karibu, kisha huwaonyesha pa kukaa. Na mwenyeji akikunja hema akaondoka, uenyeji wake umekwisha. Akirudi, hata kama ni baada ya saa moja, anabisha hodi kama mgeni mwingine yeyote.

Mwaka huo aliyefika wa kwanza alikuwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Ni kanyama kadogo, kama sungura aliyesahauliwa masikio. Huyu alikuwa mjane, mumewe alichukuliwa na tai. Alikuja na wanawe wawili. Mize, binti yake mkubwa, alikuwa mzima wa afya na mdomo wa kutosha. Kombo, mdogo wake, alikuwa na homa, na mama yake alimbeba mgongoni siku zote mbili za safari. Mganga alikuwa amemwambia hivi: "Mtoto huyu anataka kivuli na maji baridi mpaka mvua inyeshe. Ukimweka juani, utamkosa."

Basi Bi Pimbi akasimika kihema chake chini ya Jiwe Mwavuli, akamlaza Kombo, akashusha pumzi.

Siku ya pili, gudu! Gudu! Gudu! Vumbi hilo! Wakatokea Tembo, Kiboko na Nyati, wamebeba mizigo mpaka puani.

"Hodi," akasema Tembo, kwa shingo upande kwelikweli.

"Karibuni, karibuni sana!" akaitikia Bi Pimbi. "Shikamoo Mzee Tembo. Poleni na safari. Kivuli kinatosha wote. Mimi na wanangu tuko huku pembeni, nyie chukueni huku kote."

Mmesikia? Huku kote! Aliwapa robo tatu ya kivuli na chai juu yake. Mngedhani wangeshukuru. Thubutu!

Kiboko alifua nguo zake akazianika kwenye kamba za hema la Bi Pimbi, na suruali ya Kiboko ni suruali ya Kiboko. Kihema kikalala chini, pwaa! Nyati alikuwa na tabia ya kuimba mchana watu wamejipumzisha. Sauti anayo, sikatai, ila alijua wimbo mmoja tu, na katika wimbo huo alijua ubeti mmoja. Tembo naye, mzee mzima, aliingia kuoga kwenye chemchemi ya kunywa. Aliingia mzima mzima, na matope yake na sabuni yake.

Siku tatu Bi Pimbi akavumilia. Siku ya nne akaenda taratibu.

"Mzee Tembo, samahani, baba yangu. Maji yale mwanangu mgonjwa anayanywa. Ungechota ukaogea pembeni?"

Tembo akatandaza masikio. "Mimi? Nifundishwe kuoga na pimbi?"

"Sijakufundisha, mzee. Nimekuomba."

"Umemsikia, Kiboko? Kiumbe nisichokiona bila kuinama kinaniomba niogee pembeni!"

Kiboko akacheka mpaka tumbo likamtangulia. Bi Pimbi akarudi zake hemani, machozi yanamlengalenga.

Kesho yake alfajiri akawachukua wanawe, Kombo mgongoni na Mize mkononi, akaenda kutafuta majani ya dawa nyuma ya vichaka. Hakukaa sana. Aliporudi alikuta kihema chake kimekunjwa, kimefungwa kamba na kuwekwa njiani kama mzigo wa msafiri. Mahali pake palisimama hema la Tembo, na mguu mmoja wa Tembo ukiwa umetoka nje.

"Jamani! Hema langu!"

"Hema gani?" Tembo akauliza bila kugeuka. "Sisi tumeamka, tumekuta hema limekunjwa na mwenyewe hayupo. Tukasema, masikini, Bi Pimbi kaondoka bila kuaga."

"Mmelikunja nyinyi!"

"Nani kaona?" akauliza Kiboko. "Nyati, wewe umeona?"

"Mimi nilikuwa naimba," Nyati akasema.

"Basi," akasema Tembo, "sheria ya kambi unaijua. Bisha hodi."

"Mzee Tembo, mtoto anaumwa. Tafadhali."

"Aa, aa, aa! Usinitie huruma. Sheria haiangalii nani mkubwa na nani mdogo. Hata kama ningekuta hapa kinda la pimbi lina hema lake limesimama, mimi Tembo, na ukubwa wangu huu, ningelibishia hodi na kukaa litakaponionyesha. Naapa kwa mkonga wangu!"

Kumbukeni kiapo hicho. Hata Mize, aliyekuwa amejificha nyuma ya mama yake, alikikumbuka neno kwa neno, maana watoto wa kike wa aina ile hawasahau kitu.

"Hodi," Bi Pimbi akasema.

"Karibu sana, mgeni wetu! Pa kukaa ni pale." Na Tembo akanyoosha mkonga kuelekea Kikaango.

Siku mbili walikaa pale, hema limefungwa vilevile, maana juu ya mwamba kigingi hakiingii. Jiwe lilikuwa linaunguza mpaka Mize akawa anasimama kwa zamu, mguu huu juu, ule chini. Bi Pimbi akawa anasimama juu ya Kombo ili kivuli chake kimfunike. Sasa niambieni, kivuli cha pimbi kinamfunika nani? Mtoto akaacha kuomba maji. Akaacha hata kulia, na hilo ndilo lililomtia mama yake hofu kubwa zaidi. Ng'ambo ya pili Nyati alikuwa anaimba ubeti wake.

Bi Pimbi akalia. Alilia sana, siwafichi. Alipomaliza akapangusa uso, akamwita Mize karibu na pale alipolala Kombo, akawanong'oneza kwa muda mrefu. Walinong'ona nini? Ngojeni, mbona mna haraka kama mnadaiwa?

Asubuhi ya siku ya tatu akatokea mbele ya hema la Tembo, amejifunga kibwebwe, kikapu kikubwa chenye kifuniko kiko pembeni yake.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu!" wakaitikia wote watatu kwa mpigo. Wee, walivyolipenda neno hilo!

"Nimekuja kuaga. Naenda kwa shemeji zangu, nyuma ya kilima cha tatu. Nyinyi ndio wenyeji hapa, mimi mgeni, na mgeni hakai milele."

"Oo, mapema yote hii!" Tembo akasema, na mkia wake nyuma unacheza kwa furaha.

"Naona mtanisindikiza."

"Bila shaka! Sisi ni waungwana. Tutakusindikiza mpaka... pale. Unauona mti ule wa miba?"

Mti wenyewe ulikuwa hatua kumi na mbili.

"Asante, baba," akasema Bi Pimbi. "Shemeji zangu wakiniuliza, nitawaambia nilisindikizwa mpaka mtini. Watasikitika kidogo tu. Wao wana desturi yao, wakiona msindikizaji amefika mpaka mlangoni, wanateleka vyungu. Mwaka jana Twiga alinisindikiza mpaka mlangoni."

"Twiga?" Tembo akaacha kuchezesha mkia.

"Twiga. Mpaka leo kijiji kizima kinamsifu. 'Muungwana kama Twiga hajazaliwa,' wanasema. Alikula vyungu saba vya maboga kwa asali."

"Saba?" Kiboko akameza mate, glu!

"Cha nane kilimshinda."

"Kisingenishinda mimi!"

Tembo akakohoa. "Sikilizeni. Haiwezekani Twiga, yule mwenye shingo ya kuombea jirani chumvi, aitwe muungwana kunizidi. Tutakusindikiza mpaka mlangoni, Bi Pimbi."

"Ila ni mbali, mtalala huko. Na nyumba za pimbi mnazijua, ni mianya ya mawe. Wewe, Mzee Tembo, hata kidole cha mguu hakitaingia. Sijui mtalala wapi."

"Tutabeba mahema yetu, ni jambo gani!"

Hapo Nyati akainua kichwa. Nyati ana akili ya pole pole, lakini ikifika, inafika.

"Ngojeni. Tukikunja mahema tukaondoka, uenyeji si umekwisha?"

Nzi akasikika akipita, nziiii.

"Kweli," akasema Tembo. "Basi mmoja wetu abaki. Kiboko, baki."

"Nibaki mimi? Na vyungu saba avile nani? Baki wewe, mzee wetu."

"Na sifa za Twiga zibaki na Twiga? Abaki Nyati."

"Mimi sawa tu, nabaki," Nyati akasema.

Tembo na Kiboko wakatazamana. Kila mmoja akawaza kitu kilekile.

"Haa! Ili tukirudi tukubishie hodi wewe!" Kiboko akafoka. "Utupeleke Kikaango! Hapana! Hakuna kubaki!"

"Twende wote," Tembo akaamua. "Kambi hii iko mwisho wa dunia. Nani atakuja kwa siku moja? Kesho tunarudi, hakuna mtu, tunasimika upya. Na wewe, Bi Pimbi, watoto wako wako wapi?"

"Wamelala humu kikapuni. Usifunue, baba, upepo utampiga Kombo."

Tembo akakiinua kikapu kwa mkonga. "Mh! Mbona wazito?"

"Mtoto mgonjwa huwa mzito, mzee. Hata wewe mama yako atakwambia."

Basi mahema yakakunjwa, sufuria zikafungwa, safari ikaanza. Bi Pimbi alipandishwa juu ya mgongo wa Tembo, maana mgeni anayesindikizwa kwa heshima hatembei kwa miguu. Akajifunika jani pana kichwani, akakaa kama bibi harusi.

Jua likawaka! Kilima cha kwanza, Kiboko akaanza kuhema, hee, hee, hee, ngozi inakatika vipande. Kilima cha pili, Nyati akaacha kuimba, na hiyo peke yake ilikuwa neema. Kila mmoja alitaka kurudi, lakini kila mmoja akimwangalia mwenzake aliona vyungu saba vikiliwa bila yeye. Wakaendelea.

Walipofika juu ya kilima cha tatu, Bi Pimbi akasema, "Hebu nishusheni pamoja na kikapu niwatazame wanangu." Akafunua kifuniko.

"Yalaaa! Masikini mimi! Mawe!"

"Mawe gani?"

"Nimebeba mawe! Watoto nimewasahau kambini! Ole wangu!"

Kiboko akachungulia. Yalikuwa mawe kweli, manne, yamefunikwa blanketi vizuri.

"Umesahau watoto, ukakumbuka kubeba mawe?"

"Mimi mjane, baba. Nina mambo mengi kichwani."

"Twende basi tukale, tutawachukua kesho," Kiboko akasema.

"Kula wapi? Shemeji zangu hawateleki chungu mpaka wawaone watoto."

Nyati alikuwa amesimama tuli, macho yanapepesa. Akili yake ilikuwa njiani. Ikafika.

"Kwa hiyo sasa hivi, kambini yuko nani?"

"Mize na Kombo," akasema Bi Pimbi.

"Wana... hema?"

"Lile mlilonikunjia. Mlilikunja vizuri mno, hata mtoto mdogo analikunjua kwa dakika moja."

Lo! Macho yalivyowatoka! Tembo alipiga ukelele, paaaa! Wakageuka, wakatimka mbio na mizigo yao yote. Gudu-gudu-gudu-gudu! Sufuria ya Kiboko ikadondoka, ikafuata nyuma ikibingirika, kweng, kweng, kweng. Bi Pimbi akawahi kudandia, akashika sikio la Tembo kwa mikono miwili, jani lake kichwani, wala halikuanguka.

Walifika alasiri, ndimi nje. Na kambi haikuwa tupu! Wale ndege Kanga walikuwa wamewasili na ukoo wao wote, na wanyama wa nyika nzima wanajua midomo ya Kanga. Jambo likionekana na Kanga mmoja asubuhi, jioni linasimuliwa mpaka mlimani. Walikuwa wamebisha hodi vizuri, wameonyeshwa pa kukaa, na sasa wanakunywa chai kwa utulivu wao. Chini ya Jiwe Mwavuli kilisimama kihema kidogo kimoja. Mbele yake alikaa Mize, miguu amekunja, mikono magotini. Ndani alilala Kombo, kitambaa cha maji baridi kipajini.

Nyati akainamisha pembe. "Nakipiga pembe hicho kihema, mambo yaishe!"

"Keke-keke-keke!" Kanga wakainuka wote. "Jamani, njooni muone! Nyati anataka kumpiga pembe mtoto mwenye homa! Nyati mzima! Andikeni vichwani!"

Nyati akainua pembe taratibu, akajifanya anajikuna.

Tembo akasogea, akaulainisha uso. "Mize, binti yangu, wewe bado mdogo. Uenyeji si mambo ya watoto."

Mize akasimama. Alimfikia Tembo kwenye kucha.

"Shikamoo, babu. Siku ile ulisema, hata ungekuta kinda la pimbi lina hema limesimama, ungelibishia hodi na kukaa litakapokuonyesha. Ukaapa kwa mkonga wako."

"Aliapa?" Kanga wakaulizana. "Kwa mkonga? Tembo kaapa kwa mkonga?"

Tembo akautazama mkonga wake, akawatazama Kanga, akautazama tena.

"Hodi," akanong'ona.

"Sijasikia, babu."

"Hodi!"

"Na wenzako?"

"HODI!" wakanguruma wote watatu, mpaka vumbi likawaangukia wenyewe.

"Karibuni sana, wageni wetu. Poleni na safari." Mize akanyoosha kidole. "Pa kukaa ni pale."

Kanga wote wakageuza shingo kufuata kidole. Kikaango kilikuwa kinameremeta kwa joto.

"Maji ni ya kunywa, anayeoga anachota," akaendelea Mize. "Nguo mtu anaanika kwenye kamba yake. Na babu Nyati, wimbo ni mpaka ujifunze ubeti wa pili."

Wakaenda, vichwa chini. Kiboko akakaa kitako juu ya jiwe, chwaaaa! Akasimama haraka kuliko alivyokaa.

Bi Pimbi alikuwa bado amesimama pale pale aliposhuka. Watoto wake walikuwa hatua tatu mbele yake, kivulini, lakini hakuingia. Naye alikuwa ameondoka, na hema lilikuwa limesimikwa na wengine. Akatoa jani kichwani, akajikung'uta vumbi.

"Hodi," akamwambia bintiye.

Mdomo wa Mize, ule mdomo wote, ukatetemeka. "Karibu, mama. Ingia kivulini. Kombo ameomba maji, mara mbili."

Bi Pimbi akaingia. Alilia tena, ila safari hii alikuwa anacheka hapo hapo. Homa ilimtoka Kombo kabla ya mvua kunyesha, na siku ya kwanza alipoweza kutembea alikwenda mpaka ukingoni mwa kivuli, akasimama akawatazama wale watatu kule jiweni wakibadilishana miguu, huu juu, ule chini. Akarudi akamwomba dada yake awape angalau kibuyu cha maji. Mize alifikiri sana. Akawapa, lakini walibisha hodi kwanza.

Mimi nimekunja hema langu la maneno hapa, anayelitaka alisimike kwake. Na wewe, rudisha mto wa mwenzako.

Ukimtoa mnyonge kwa sheria, ujue ukirudi utaikuta sheria hiyo hiyo imekaa mlangoni inakusubiri.